Kuipima Hidrojeni: Jinsi Fueli Mbadala Zinavyojaribiwa Kabla ya Kuingia Kazini

Jaribio na mradi wa mfano

Fueli mpya haiingii kazini kwa sababu tu kemia yake imethibitika. Kati ya mlinganyo ulioandikwa ubaoni na basi linalobeba abiria kila siku kuna ngazi ndefu ya vipimo: kwanza kipande kidogo maabarani, kisha mtambo mmoja uliokamilika, kisha kundi la magari au nyumba katika mazingira halisi, na mwisho biashara yenyewe. NASA, wakala wa anga za juu wa Marekani, iliipanga ngazi hiyo katika daraja tisa. Mpangilio huo sasa hutumiwa na wizara na mifuko ya utafiti ya nchi nyingi kuamua mradi upi upewe fedha na kwa kazi gani.

Hatua mbili za ngazi hiyo huchanganywa mara kwa mara. Jaribio huuliza swali finyu katika masharti yaliyodhibitiwa: tangi hili litapasuka likifika shinikizo gani? Mradi wa mfano huuliza swali pana: tangi, pampu, dereva, fundi, bima, sheria na bei vikikutana mahali pamoja, kazi itaendelea? Ndiyo maana kifaa kinaweza kufaulu kila jaribio la maabara na bado kikashindwa barabarani, na majibu hayo mawili yasigongane hata kidogo.

Historia ya hidrojeni na fueli nyingine mbadala katika robo karne iliyopita inaonyesha kwamba faida ya mradi wa mfano hutegemea mambo matatu: shabaha zilizowekwa kabla ya kuanza, mipaka ya kile kinachopimwa, na uwazi wa matokeo. Palipokuwapo yote matatu, hata mradi uliofungwa uliacha elimu. Yalipokosekana, umma ulibakiwa na picha za uzinduzi na deni.

Tabia za hidrojeni zinazolazimisha vipimo

Kilo moja ya hidrojeni hubeba nishati ya megajuli 120, karibu mara tatu ya kilo moja ya petroli. Tatizo ni ujazo. Hidrojeni ni gesi nyepesi kuliko zote. Katika shinikizo la kawaida la hewa, mita moja ya ujazo ina takriban gramu 90 tu. Gari dogo linalotaka kwenda kilomita 500 linahitaji kilo tano hivi, na kilo hizo zisiposhindiliwa huchukua zaidi ya mita 50 za ujazo, yaani chumba kizima. Kwa hiyo gesi hushindiliwa hadi bari 350 katika mabasi na bari 700 katika magari madogo, au hupozwa hadi nyuzi 253 chini ya sifuri ili igeuke kimiminika. Kila njia hula nishati na hudai vifaa ambavyo kituo cha kawaida cha mafuta hakina.

Tabia ya pili ni kuwaka. Hidrojeni huwaka ikichanganyika na hewa kwa kiwango chochote kati ya asilimia 4 na 75, na cheche ndogo mno, ya milijuli 0.02, hutosha kuiwasha. Mwali wake hauonekani vizuri mchana. Gesi yenyewe haina harufu, na dawa za harufu zinazotiwa katika gesi ya kupikia huiharibu seli ya fueli. Upande wa pili, hidrojeni hupaa na kutawanyika upesi inapovuja mahali pa wazi, ilhali mvuke wa petroli hutambaa chini na kukaa. Usalama wake basi hauelezeki kwa neno moja. Hutegemea mahali, ujazo, uwazi wa paa na ubora wa vihisi.

Tabia ya tatu huonekana polepole. Atomu za hidrojeni ni ndogo kiasi cha kupenya ndani ya baadhi ya vyuma na kuvifanya vivunjike kwa urahisi. Bomba au vali iliyofanya kazi miaka mingi na gesi asilia haiwezi kuaminiwa na hidrojeni mpaka ipimwe upya.

Juu ya yote hayo, hidrojeni haichimbwi kama mafuta. Kwa sehemu kubwa hutengenezwa. Mwaka 2023 dunia ilitumia takriban tani milioni 97, karibu zote zikitokana na gesi asilia na makaa ya mawe, hasa kwa ajili ya mbolea na viwanda vya kusafisha mafuta. Mradi unaopima gari na kunyamaza kuhusu chanzo cha gesi hiyo umepima nusu ya jambo.

Maabarani

Seli ya fueli huunganisha hidrojeni na oksijeni ya hewani, ikatoa umeme, joto na maji. Wazo hilo lina umri wa karibu miaka 190, tangu kazi za William Grove wa Wales mwishoni mwa miaka ya 1830. Lilipata matumizi mazito katika vyombo vya anga vya Gemini na Apollo, ambako gharama haikuwa kikwazo. Kazi ya maabara za leo ni kuifanya seli hiyo iwe nafuu na idumu.

Uimara hupimwa kwa saa. Seli huwekwa kwenye meza ya majaribio, ikapandishwa na kushushwa mzigo kama gari linavyofanya mjini: kuwaka, kusimama kwenye foleni, kupanda mlima, kuzimwa, kuwashwa tena asubuhi ya baridi. Volteji ikipungua kwa asilimia 10, seli huhesabiwa kuwa imefika ukomo wa kazi. Wizara ya Nishati ya Marekani iliweka shabaha ya saa 5,000 kwa gari dogo, sawa na takriban kilomita 240,000, na saa 25,000 kwa basi. Saa 25,000 ni karibu miaka mitatu bila kuzima, kwa hiyo maabara hutumia vipimo vya kuchakaza haraka, vinavyobana uchovu wa miaka ndani ya miezi. Vipimo hivyo ni vya lazima, lakini huchakaza seli kwa njia ambazo mtafiti amezifikiria tu. Vumbi la barabarani, gesi chafu na uzembe wa matengenezo hujitokeza kazini.

Usafi wa gesi ni somo jingine. Seli nyingi hutumia platinamu kama kichocheo, na platinamu hulishwa sumu na uchafu mdogo mno. Kiwango cha kimataifa cha ISO 14687 kinataka hidrojeni ya magari iwe safi kwa asilimia 99.97, huku monoksidi ya kaboni isizidi sehemu 0.2 katika milioni na salfa isizidi sehemu nne katika bilioni. Kupima viwango hivyo kunahitaji maabara ambazo nchi nyingi hazina, na nchi isiyo na maabara hiyo italazimika kuamini cheti cha muuzaji.

Mitambo inayotenganisha maji kwa umeme hupimwa kwa jinsi hiyohiyo. Kilo moja ya hidrojeni hudai kilowati-saa 50 hadi 55 za umeme na, kwa hesabu ya kemia peke yake, lita tisa za maji. Swali gumu zaidi ni tabia ya mtambo unapolishwa umeme wa jua au upepo unaopanda na kushuka. Mzigo ukishuka sana, hidrojeni na oksijeni huanza kupenya utando na kuchanganyika. Mtambo uliofaulu kwa umeme tulivu wa gridi haujathibitika kwa umeme wa jua.

Tangi na pampu

Tangi la bari 700 hutengenezwa kwa nyuzi za kaboni zilizozungushwa juu ya ganda la ndani, mara nyingi la plastiki. Kanuni ya kimataifa ya Umoja wa Mataifa kuhusu magari ya hidrojeni, iliyopitishwa mwaka 2013, huligeuza tangi hilo kuwa kitu cha kuteswa. Hujazwa na kumwagwa maelfu ya mara, huangushwa, huchanjwa, humwagiwa kemikali, huwekwa katika joto na baridi kali, na mengine hutiwa shinikizo hadi yapasuke ili ijulikane akiba ya nguvu iliyobaki. Katika jaribio la moto, tangi lililojaa huwekwa juu ya miali, na kifaa chake cha kutoa gesi kinapaswa kuhisi joto na kufunguka kabla ganda halijapasuka.

Kujaza tangi nako kunahitaji kanuni. Gesi inaposhindiliwa haraka ndani ya tangi hupata joto, na joto la tangi halipaswi kupita nyuzi 85. Ili gari lijazwe kwa dakika tatu hadi tano, pampu huipoza gesi hadi karibu nyuzi 40 chini ya sifuri kabla ya kuisukuma. Hapo ndipo ugumu wa kituo cha hidrojeni ulipo: kompresa, kipozeo, vali na bomba la kujazia hufanya kazi ya mateso kila siku. Karibu kila mradi mkubwa wa mfano uligundua jambo hilohilo: vituo vilisumbua kuliko magari.

Mafunzo ya barabarani

Mradi wa Ulaya uliojulikana kama CUTE, kati ya 2003 na 2006, ulipeleka mabasi 27 ya Mercedes-Benz Citaro katika miji tisa, matatu kila mji, kuanzia Stockholm yenye baridi hadi Madrid yenye joto na Stuttgart yenye vilima. Reykjavik na Perth ziliendesha mabasi kama hayo kupitia miradi pacha. Mpangilio huo ulikuwa wa busara. Basi lilikuwa lilelile, ila hali ya hewa, mandhari na njia ya kupata hidrojeni vilitofautiana, hivyo tofauti za matokeo ziliweza kuelezeka. Mabasi yalifanya kazi kwa uhakika kuliko ilivyotarajiwa, lakini yalikula zaidi ya kilo 20 za hidrojeni kwa kilomita 100. Sababu ilijulikana. Yalibuniwa kwa uhakika kuliko ubanaji, na hayakuwa na betri ya kuhifadhi nishati ya breki. Mabasi ya kizazi kilichofuata, yaliyochanganya seli na betri, yalishusha ulaji huo hadi chini ya nusu. Hii ndiyo kazi hasa ya mradi wa mfano: kuonyesha kasoro ambayo mbunifu anaweza kuirekebisha.

Marekani ilifuata njia ya kundi la magari madogo. Mradi ulioanza mwaka 2004 chini ya Wizara ya Nishati uliwakutanisha watengenezaji wa magari na kampuni za mafuta katika timu nne, na hatimaye ulihusisha magari 183 na vituo 25. Ulitangulia kutaja shabaha zake hadharani: umbali wa maili 250, yaani kilomita 400 hivi, kwa tangi moja, uimara wa saa 2,000, na bei ya dola tatu kwa kiasi cha hidrojeni chenye nishati ya galoni moja ya petroli. Magari yaliyokwenda mbali zaidi yalifikisha maili 254. Timu iliyofanya vizuri kuliko zote ilikadiriwa kufikia saa 2,521. Bei haikufikiwa katika vituo vya mradi. Hukumu ya namna hiyo, ndiyo kwa mawili na hapana kwa moja, iliwezekana kwa sababu shabaha ziliandikwa kabla ya matokeo kujulikana.

Mradi huo uliacha pia utaratibu wa kutunza takwimu. Kampuni shindani hazikuwa tayari kuonyeshana siri. Maabara ya taifa ya nishati jadidifu, NREL, ilipokea takwimu zote ghafi katika kituo chenye ulinzi, ikazichambua, na kuchapisha michoro ya jumla isiyomtaja mwenye gari. Kila kampuni iliona mahali ilipo ikilinganishwa na wenzake, na umma ulipata ukweli wa kundi zima. Mradi wa mfano una kazi ileile ya shamba darasa: jirani hujifunza kwa kuona mbegu ipi ilipandwa, mbolea kiasi gani iliwekwa na magunia mangapi yalivunwa. Mwenye shamba akificha mavuno, jirani hana cha kujifunza.

Mfano wa Whistler, Kanada, unafundisha kuhusu mipaka ya kipimo. Mabasi 20 ya hidrojeni yalipelekwa katika mji huo wa milimani kwa ajili ya Olimpiki ya majira ya baridi ya 2010, yakiwa kundi kubwa kuliko yote ya aina yake wakati huo. Mabasi yalibeba abiria kwenye theluji na baridi. Hidrojeni, hata hivyo, ilisafirishwa kwa malori kutoka Quebec, maelfu ya kilomita upande wa pili wa nchi. Fedha za mradi zilipokwisha mwaka 2014, gharama za fueli na matengenezo hazikuweza kubebwa, na dizeli ikarudi. Aliyepima bomba la moshi la basi aliona usafi. Aliyepima safari nzima ya fueli aliona kwa nini mradi haukuweza kudumu.

Reli, maji na anga

Ujerumani iliweka treni mbili za Alstom aina ya Coradia iLint kwenye njia ya Cuxhaven hadi Buxtehude mnamo Septemba 2018, na mwaka 2022 kundi likafika treni 14. Septemba mwaka huo treni moja ilisafiri kilomita 1,175 bila kujaza tena. Hata hivyo, mwaka uliofuata mamlaka ya usafiri ya Lower Saxony ilitangaza kwamba treni zitakazofuata kuchukua nafasi ya dizeli zitakuwa za betri, kwa sababu ni nafuu kuziendesha. Teknolojia haikushindwa jaribio lake. Ilikuta kwamba mshindani naye alikuwa akisonga mbele. Miradi ya muda mrefu inapaswa kujilinganisha kila mwaka na mbadala bora uliopo sokoni, maana dizeli ya siku ya uzinduzi si mshindani pekee.

Baharini, umbali mrefu hufanya betri kuwa nzito mno, na majaribio yanahusu fueli zinazotokana na hidrojeni. Feri ya Stena Germanica ilibadilishwa kutumia methanoli mwaka 2015, na meli ya makontena Laura Mærsk ilifuata mwaka 2023. Amonia ina mvuto kwa kuwa haina kaboni na dunia imezoea kuisafirisha, lakini ni sumu, na kuichoma kunaweza kutoa oksidi ya naitrasi, gesi inayopasha dunia joto takriban mara 270 ya kaboni dioksidi. Jaribio lolote la injini ya amonia lisilopima gesi hiyo kwenye moshi halijajibu swali la tabianchi.

Angani, Umoja wa Kisovieti ulirusha ndege ya Tupolev Tu-155 kwa hidrojeni kimiminika mwezi Aprili 1988, na Januari 2023 kampuni ya ZeroAvia ilirusha Uingereza ndege ya Dornier 228 ambayo injini yake moja iliendeshwa kwa seli za fueli zikisaidiwa na betri. Njia iliyo karibu zaidi ni mafuta ya ndege yaliyotengenezwa kutokana na mimea na taka. Viwango vya sasa huruhusu mchanganyiko wa hadi asilimia 50, sababu mojawapo ikiwa mipira ya kuzibia ya injini za zamani, ambayo huhitaji baadhi ya kemikali za mafuta ya kawaida ili ivimbe na kuziba vizuri. Tarehe 28 Novemba 2023 Virgin Atlantic ilirusha Boeing 787 kutoka London hadi New York kwa mafuta hayo peke yake. Safari hiyo ilithibitisha kwamba injini inaweza. Haikuthibitisha kwamba dunia ina malighafi ya kutosha, na haikukusudiwa kufanya hivyo.

Viwandani na majumbani

Matumizi yenye hoja nzito kuliko yote ni ya feleji. Tanuri la kawaida hutumia makaa kuondoa oksijeni katika mawe ya chuma. Mradi wa HYBRIT wa Luleå, Sweden, unaounganisha kampuni za SSAB, LKAB na Vattenfall, ulizindua mtambo wake wa majaribio Agosti 2020, na mwaka 2021 ukatoa chuma kilichosafishwa kwa hidrojeni na feleji ya kwanza iliyotokana nacho. Pangoni chini ya ardhi ulijengwa pia mtambo wa mita za ujazo 100 wa kupima uhifadhi wa gesi, ili kiwanda kitumie umeme wakati ambapo upepo ni mwingi na bei iko chini. Mradi huo ulipima mnyororo wote pamoja: umeme, hidrojeni, hifadhi, chuma na mnunuzi.

Uingereza ilijaribu kupeleka hidrojeni jikoni. Katika Chuo Kikuu cha Keele, kuanzia 2019, nyumba 100 na majengo 30 yalipokea gesi asilia iliyochanganywa na hidrojeni hadi asilimia 20 kwa ujazo, na kisha nyumba 668 za Winlaton zikafuata. Majiko na vipasha maji vilifanya kazi bila kubadilishwa. Lakini hidrojeni ina theluthi moja tu ya nishati ya gesi asilia kwa ujazo uleule, kwa hiyo asilimia 20 ya ujazo huokoa takriban asilimia 7 tu ya kaboni.

Hatua iliyofuata, ya kijiji kizima kutumia hidrojeni tupu, haikufika. Mpango wa Whitby uliachwa Julai 2023 baada ya wakazi wengi kuupinga, na ule wa Redcar uliachwa Desemba mwaka huo kwa sababu hidrojeni iliyotegemewa haikupatikana. Wakazi wa Whitby waliambiwa kuhusu mpango ulipokuwa tayari umepangwa, wakauliza maswali ya haki: gharama, usalama, na uhuru wa kukataa. Ridhaa ya wanaoishi na kifaa ni sehemu ya jaribio lenyewe.

Ajali kama ushahidi

Tarehe 23 Mei 2019, katika eneo la utafiti la Gangneung, Korea Kusini, matangi ya hidrojeni ya mradi uliokuwa ukijaribu kutengeneza gesi kwa umeme wa jua yalilipuka, yakaua watu wawili na kujeruhi sita. Oksijeni ilikuwa imeingia ndani ya hidrojeni hadi kiwango cha kulipuka, hatari ileile ya mitambo inayolishwa umeme usiotulia. Chini ya wiki tatu baadaye, tarehe 10 Juni, kituo cha kujazia cha Kjørbo karibu na Oslo kililipuka. Uchunguzi ulionyesha kwamba boliti za kizibo cha tangi la shinikizo kubwa hazikukazwa inavyopaswa. Januari 2022, mwali ulionekana juu ya sitaha ya Suiso Frontier, meli ya kwanza duniani ya kubeba hidrojeni kimiminika, ikiwa bandarini Hastings, Australia. Chanzo kilikuwa vali ya umeme isiyolingana na umeme wa mfumo uliomo melini.

Visa hivyo vitatu vina jambo moja la pamoja: kila kimoja kilitokana na jambo dogo la kifundi, si siri ya kemia. Kihisi cha oksijeni, boliti iliyokazwa kwa kipimo, kifaa sahihi mahali sahihi. Kwa hiyo usalama wa hidrojeni ni suala la mafundi waliofunzwa, orodha za ukaguzi na wakaguzi wenye mamlaka ya kusimamisha kazi. Kufichua sababu za ajali kwa uwazi, kama ilivyofanyika Norway na Australia, kumewakinga wengine wasiirudie.

Hesabu ya mnyororo mzima

Kilo ya hidrojeni iliyodai kilowati-saa 50 hadi 55 ina kilowati-saa 33 tu ndani yake. Kuishindilia na kuipoza hula nyingine kadhaa, na seli ya gari hurudisha takriban nusu ya kilichobaki. Mwishoni chini ya theluthi ya umeme wa mwanzo ndio huzungusha magurudumu, ilhali gari la betri hufikisha karibu robo tatu. Tofauti hii ya fizikia haitaondolewa na mradi wowote wa mfano. Inaeleza kwa nini hidrojeni inasogea mbali na magari madogo na kuelekea kazi ambazo umeme wa moja kwa moja hauziwezi kwa urahisi: feleji, mbolea, safari ndefu za bahari na anga.

Uvujaji pia umeingia katika hesabu. Hidrojeni inayovuja huchelewesha kusafishwa kwa methani angani, hivyo huchangia joto la dunia kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Vihisi vya usalama hugundua uvujaji mkubwa unaoweza kulipuka, na kuupima ule mdogo wa kila siku ni kazi ambayo miradi mipya inapaswa kuibeba tangu mwanzo.

Uzoefu wa Afrika Mashariki

Ukanda huu una historia yake ya fueli mbadala, na sehemu yake chungu ni mbono kaburi. Bei ya mafuta ilipopanda miaka ya 2000, mmea huo ulitangazwa kuwa unakua kwenye ardhi duni bila maji mengi na kutoa mbegu za dizeli. Kisarawe, nchini Tanzania, kampuni moja ya Uingereza ilitwaa maelfu ya hekta kutoka vijijini, na kufikia 2011 ilikuwa imefilisika. Wanakijiji wakabaki bila ardhi yao na bila ajira iliyoahidiwa. Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 baada ya kuwafuata wakulima mashambani ulionyesha mavuno duni na ukashauri mmea huo ubaki kuwa ua wa shamba. Kipimo cha mavuno kwa misimu michache katika vipande vidogo kingetosha kuokoa ardhi hiyo. Upanuzi ulitangulia jaribio, na gharama ikawaangukia wasiokuwa na akiba.

Ethanoli inafundisha kwa njia nyingine. Kenya ilichanganya petroli na ethanoli ya miwa kutoka Muhoroni miaka ya 1980, kisha mpango ukafa. Malawi imechanganya tangu 1982. Injini zilikubali fueli hiyo kote kuwili. Tofauti ilikuwa katika bei, sera na uthabiti wa ugavi.

Dar es Salaam, magari na bajaji zinazotumia gesi asilia zimeongezeka kwa kuwa gesi ya Songo Songo ni nafuu kuliko petroli. Madereva wameokoa fedha, lakini wamelipa kwa saa za foleni, maana vituo vilikawia kuongezeka. Foleni hizo ni somo la bure kwa mradi wowote wa hidrojeni: magari na vituo hupangwa pamoja. Mitungi ya gesi hiyo, ya takriban bari 200, imeanza pia kujenga ujuzi wa mafundi na wakaguzi ambao shinikizo kubwa zaidi litauhitaji.

Hatua iliyo na maana zaidi kwa ukanda huu ni mbolea. Mkakati wa hidrojeni wa Kenya, uliozinduliwa Septemba 2023, unaipa mbolea ya naitrojeni kipaumbele, kwa kutegemea umeme wa mvuke wa ardhini wa Olkaria, unaopatikana usiku na mchana bila kupanda na kushuka. Mnunuzi yupo tayari, naye ni mkulima anayebebeshwa bei ya mbolea ya nje kila msimu. Afrika imewahi kuifanya kazi hii: viwanda vya Aswan nchini Misri na Kwekwe nchini Zimbabwe vilitenganisha maji kwa umeme kutengeneza amonia kwa miongo kadhaa. Kile cha Kwekwe kilisimamisha njia hiyo mwaka 2015, umeme ulipokuwa haba na ghali. Swali la kupimwa basi ni bei ya umeme kwa miaka 20, pamoja na maji ya Bonde la Ufa na bei ya gunia langoni mwa shamba.

Masharti ya mradi wenye faida

Kutokana na uzoefu wote huo, mradi wa mfano unaostahili fedha za umma unatambulika kabla haujazinduliwa. Umeandika shabaha zake kwa tarakimu: saa, kilo, bei, ajali. Unahesabu fueli tangu umeme na maji hadi kazi ya mwisho, na kujilinganisha na mbadala bora wa wakati huo. Unawashirikisha wakazi na wafanyakazi wakiwa bado na uwezo wa kukataa. Umetenga fedha za kufunza mafundi na za kipindi cha baada ya wafadhili kuondoka. Na unachapisha matokeo yote, pamoja na yale yasiyopendeza.

Hidrojeni itapata nafasi yake katika baadhi ya kazi na kuikosa katika nyingine, na vipimo vya miaka 25 tayari vimechora sehemu kubwa ya mpaka huo. Nchi zinazoingia sasa hazina haja ya kulipia upya makosa ya Whistler, Gangneung au Kisarawe. Zina haja ya kuyasoma, kuweka maabara na wakaguzi wao wenyewe, na kuanza na mradi mdogo uliopimwa vizuri, ambao matokeo yake mkulima, dereva na mlipakodi wanaweza kuyaona na kuyahoji.